Klachi kwa Mguu wa Tata Ilunga

Likasi, Jumatatu jioni

Yaya Mwamini, dada yangu uliyenilea,

Nakuamkia kutoka huku kwenye nchi ya shaba, nikiomba barua hii ikukute umeketi vizuri na mgongo umeacha kukusumbua. Watoto wanaendelea na shule? Na ule ukuta wa jikoni ulioliwa na mvua, mmeusimamisha? Mimi ni mzima. Kikohozi kimepungua, hata baridi ya asubuhi ya huku nimeizoea. Barua hii sikuitia posta. Nimempa mkononi dereva wa lori anayepita Kasongo, maana ina mambo ya watu.

Usikasirike kwamba nimenyamaza miezi miwili. Kuna gari moja lililonishika, na kuna mzee mmoja, na nimeona jambo ambalo bado linanishangaza hata sasa nikikuandikia.

Mzee huyo anaitwa Tata Ilunga. Huku tata ni baba, ni neno la heshima. Alifanya kazi machimboni Kamatanda hadi siku jiwe lilipomwangukia mguu wa kushoto. Mguu ulipona, lakini ulikauka, umebaki mwembamba kama mpini wa jembe. Mhandisi mmoja Mzungu, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia gari lake la zamani: dogo, jekundu, viti viwili tu, lile la vijana wa mashindano. Injini yake ilikuwa imekufa. Bosi wangu wa gereji akaitoa, akatia injini na giaboksi ya pikapu iliyopinduka. Ilipowaka, Yaya, watu walitoka majumbani kutazama. Ilinguruma kama kitu kikubwa kilichofungiwa ndani ya kabati.

Lakini gari halikwenda. Ukitia gia, meno yanasaga, gari linaruka. Bosi akanikabidhi mimi.

Nikueleze kidogo, maana wewe unapenda kujua. Ukikanyaga pedali ya klachi (huku wanaiita ambreyaje), pampu ndogo ya juu inasukuma mafuta kwenye bomba. Chini, pampu nyingine inapokea mafuta hayo na kuiachia klachi. Sasa pampu ya juu ilikuwa ya gari la mbio, ya chini ilikuja na giaboksi ya pikapu. Hazikuzaliwa pamoja. Ya juu ilikuwa nyembamba, mafuta yake hayakutosha.

"Weka pompi kubwa, tumalize," bosi akasema.

Nikaweka ya milimita ishirini na mbili. Gia zikaingia safi. Nikamwita Tata Ilunga ajaribu. Akaketi, akainua ule mguu kwa mikono yake miwili, akauweka juu ya pedali, akasukuma. Jasho lilimtoka. Mguu ulitetemeka, pedali haikusogea. Bosi akacheka, akasema mzee amtafute dereva. Tata Ilunga hakucheka. Bosi alipoondoka, akaniambia:

"Mutoto wangu Kabwe iko mu gereza, kule njia ya Buluo. Alisema neno moya mubaya mu mukutano ya kazi. Mwisho wa mwezi banamupeleka mbali, fasi minye siwezi kufika. Bantu bote ba motokari, nikibauliza, banasema motokari yabo iko mbovu."

Nikatazama chini. Mimi najua kuendesha, naye alikuwa amekwisha kuniona nikiendesha.

"Weye sikuombi unipeleke," akasema. "Iko na bwoga, na haiko mubaya. Unitengenezee pedali tu."

Yaya, maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Kweli niliogopa. Anayefika kwenye lango la gereza lile jina lake linaandikwa, na mimi ni mgeni hapa.

Nikaanza upya. Katika duka lililokuwa la Mgiriki, ambalo sasa lina mwenyewe mpya, nilipata pampu ya kati, ya milimita kumi na tisa. Hapo ndipo nilipojifunza sheria ya kitu hiki: hakuna kinachotolewa bure. Pampu nene inasukuma mafuta mengi lakini inataka nguvu nyingi. Nyembamba ni laini mguuni, lakini ukifika sakafuni klachi bado haijaachia. Ile ya kati Tata Ilunga aliweza kuikanyaga. Gia zikasaga bado. Kidogo tu, lakini zikasaga. Siku nne nilitoa hewa kwenye mafuta, nikafungua, nikafunga. Nilikuwa tayari kumwambia nimeshindwa.

Siku ya tano akaja, akalala chini ya gari mwenyewe, fimbo yake pembeni.

"Kanyaga," akasema.

Nikakanyaga.

"Achiya. Kanyaga tena, polepole."

Nikachungulia. Alikuwa amefumba macho, mkono wake umeuzunguka ule mpira mweusi unaounganisha bomba na pampu ya chini, kama mganga anayeshika mshipa.

"Mupira inavimba," akasema. "Weye unatuma mafuta, mupira inakula njiani."

Miaka yote chini ya ardhi alishika mipira ya hewa ya mashine za kutobolea mwamba. Mkono wake ulijua ule utakaopasuka. Mimi nilikuwa nimepima kila kitu kwa chuma, sikuwaza kupima mpira. Nilishika, kweli ulikuwa unavimba kama shavu la mtu anayepuliza moto.

Tukakunja bomba la chuma pamoja, tukabakiza kipande kifupi tu cha mpira mpya, mgumu, uliosukwa nyuzi. Nikajaza mafuta ya breki. Akaketi, akaweka mguu, akakanyaga. Gia ya kwanza ikaingia kimya. Ya pili. Ya nyuma. Yaya, nilisimama pale nikasahau hata kufuta mikono. Mguu uliokauka ulikuwa unaisukuma klachi ya gari la kubeba mizigo, kwa mafuta yasiyojaza kikombe cha kahawa! Nimefanya kazi hii miaka sita na sikuwahi kuiona nguvu hiyo ya mafuta mpaka siku ile.

Jumapili akaja amevaa abakosti yake, ile suti isiyovaliwa na tai, nywele zimechanwa, chupa ya maziwa na mkate ndani ya kitambaa. Akawasha. Sijui niseme nini, miguu yangu ilizunguka gari yenyewe, nikafungua mlango wa pili, nikaingia. Akanitazama.

"Utaandikwa," akasema.

"Najua, Tata."

Akaendesha polepole. Kwenye mlima alibadilisha gia kwa upole, huku akizungumza na mguu wake kwa Kiluba. Langoni mlinzi akafungua kitabu, akamwandika Tata Ilunga, kisha akaniita raia kwa Kifaransa. "Sitoyen, jina?" Nikalitaja. Akaandika, hakuniuliza lingine.

Kabwe akaletwa. Amekonda, amenyolewa. Alitazama fimbo, akatazama barabara nyuma yetu, akitafuta aliyemleta.

"Baba, nani amekuleta?"

Tata Ilunga akasimama wima kadiri alivyoweza.

"Minye mwenyewe nimejileta."

Kabwe akaweka viganja usoni. Hata mlinzi aligeuka pembeni.

Tulirudi Jumapili iliyofuata. Alhamisi wakamhamisha Kabwe, wapi hatujaambiwa. Tata Ilunga anaulizia kila siku, anakwenda mwenyewe, ofisi hadi ofisi.

Nisalimie shemeji, mume wako, na mjomba mfua chuma, umwambie habari ya mpira atafurahi. Msalimie mama mkwe wako na jirani yetu mwalimu aliyenifundisha kuandika. Watoto wapige busu la mjomba wao.

Nawe usilie kwa ajili ya jina langu lililoandikwa kule. Limeandikwa mara mbili, na chini ya jina la Tata Ilunga.

Ni mimi, mdogo wako akukumbukaye,
Kitenge