Maelezo ya Shahidi Kuhusu Cherehani Iliyopigwa Msasa

SHAHIDI: Kasoro (jina la kazini, jina kamili limo kwenye jalada)
UMRI: Miaka 38
KAZI: Kibarua wa ujenzi, pia muuzaji wa vitu vilivyotumika mtandaoni
ELIMU: Darasa la sita
MAKAZI: Chumba cha uani, nyuma ya gereji ya pikipiki

Leo ni Jumatatu, tarehe 14 mwezi wa tisa. Nilitoka nyumbani miaka minne na miezi miwili iliyopita, na tangu hapo sijarudi hata mara moja. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikukamatwa wala sikutumwa na mtu. Nyapara aliniambia nikiondoka kabla zege halijamwagwa nisijisumbue kurudi kesho. Nimeondoka.

Mchana nabeba zege na matofali. Jioni na Jumapili nauza vitu. Nanunua kwa watu wanaohama, kwenye nyumba zinazobomolewa na sokoni marobota yanapofunguliwa: pasi, viatu, redio, saa za ukutani. Naosha, natengeneza ninachoweza, natundika shuka la buluu ukutani, napiga picha kwa simu na kuweka kwenye ukurasa wangu unaoitwa Bado Kizima. Desturi yangu ni kuonyesha kasoro kwanza, uzuri baadaye. Sufuria likiwa na tundu, mteja ataliona tundu kabla hajaliona sufuria. Jina la Kasoro limetokana na hilo. Mteja mmoja aliwahi kuniandikia, "Wewe ukienda kuposa utaanza kwa kuwaambia wakwe unavyokoroma." Lakini alinunua, na akarudi tena.

Ninaishi na mtoto wa mama yangu mdogo. Kazini anaitwa Kipimo, kwa kuwa hatembei bila futi mfukoni. Yeye ndiye aliyenipokea nilipofika huku, akanigawia nusu ya godoro lake na kunitafutia kazi. Naomba hayo nayo yaandikwe.

Mnamo tarehe 29 mwezi wa nane, siku ya Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Kipimo aliingia chumbani na cherehani ya mkono begani, ameifunika kwa mifuko ya saruji. Wiki hiyo alikuwa akipiga plasta kwenye safu ya maduka karibu na soko.

Nikamuuliza, "Umeitoa wapi?"

"Kuna mama anahama. Kasema macho yamemchoka, hawezi tena kutunga uzi."

"Mama gani?"

"Kasoro, unauza cherehani au unaandikisha sensa?"

Nilicheka, sikuuliza tena. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Kesho yake, Jumapili, niliisafisha. Nilipogeuza kifuniko cha mbao nilikuta kwa ndani jina la mwanamke limechongwa kwa ncha ya msumari, na chini yake neno HAIAZIMWI. Nilipiga picha, maana kwangu mchongo ni kasoro kama ufa. Halafu nikabadili mawazo. Mwaka jana niliuza begi lenye jina la mtu. Kila mteja aliuliza kama ni la marehemu, na begi likakaa miezi mitano. Kwa hiyo nilichukua msasa, nikalisugua lile jina mpaka likaisha, nikapaka mafuta ya mbao. Ile picha sikuiweka mtandaoni, lakini sikuifuta kwenye simu. Hilo ni kosa langu la pili. Sikuwa na nia ya kuficha wizi, nilitaka cherehani iuzike. Afisa ameniuliza kama naelewa jambo hili linavyoonekana. Naelewa.

Tarehe 6 mwezi huu niliitangaza. Tarehe 11, Ijumaa, saa saba mchana, tukiwa tumekaa kula, mwanamke aliniandikia: "Kaka, naomba picha ya ndani ya kifuniko." Niliporudi chumbani nilipiga picha mpya ya kifuniko kilichosuguliwa, nikamtumia. Hakuuliza bei wala usafiri. Aliandika tu, "Nakuja kesho."

Alifika Jumamosi tarehe 12, saa nne asubuhi. Ni fundi wa kushona, ana chumba cha kazi kwenye ile safu ya maduka. Hakunisalimu. Alishika mpini, akazungusha gurudumu mara tatu, na kabla halijakwama akalipiga kwa kiganja upande wa kushoto. Likaendelea. Mimi nilihangaika siku nzima kugundua kwamba linataka kupigwa pale.

Akasema, "Hii ni ya mama yangu. Amenilea nayo. Iliibwa dukani kwangu usiku wa kuamkia tarehe 29. Nilipokwenda polisi waliniuliza alama, nikawaambia kuna jina kwenye kifuniko. Sasa jina liko wapi?"

Nilimwambia kweli. "Nimelitoa mimi. Kwa msasa."

Akasema, "Umemfuta mama yangu kwa msasa?"

Nilimwambia achukue cherehani yake aende zake. Akakataa. Alisema aibebe barabarani bila alama, mtu amwite mwizi? "Na huyo aliyelivunja kufuli langu abaki anakula kwa raha? Hapana, kaka. Mimi nataka kituoni iandikwe kwamba ni yangu." Akaondoka bila kitu. Sikumwambia kuhusu ile picha ya jina iliyobaki kwenye simu. Nilikuwa bado sijaamua, nasema ukweli.

Siku hiyo hiyo, saa kumi na mbili jioni, nilimuuliza Kipimo. Mwanzo alishikilia habari ya mama anayehama. Nilipomwambia mwenye cherehani amefika na amelipiga gurudumu kwa kiganja, na kwamba picha ya jina bado ninayo, alikaa chini kwenye ndoo ya rangi.

"Kufuli lilikuwa la kitoto," akasema. "Nililing'oa kwa patasi. Nilifikiri ana nyingine. Mafundi huwa nazo mbili."

"Mrudishie, umwombe radhi."

"Nimrudishie nifungwe? Jina si umelifuta? Basi, mambo yamekwisha. Ile picha ifute na wewe tulale." Halafu akasema, "Nani alikupokea stendi? Ulikuwa umeshika begi la kamba, hujui hata choo kiko wapi."

Nikamjibu, "Ni wewe. Na sitakusahau kwa hilo."

"Damu nzito kuliko maji, Kasoro."

"Mbona hukuikumbuka hiyo damu uliponiletea mali ya wizi niipige picha kwa mikono yangu?"

Alilala ameelekea ukutani.

Jana Jumapili, saa mbili asubuhi, mama mdogo alinipigia simu kutoka nyumbani. Kipimo alikuwa amekwisha kumwambia. Alisema, "Mwanangu, nimekunyonyesha pamoja naye mama yako alipougua. Usimuuze mwenzio." Nilimwambia, "Shikamoo, mama," mara ya pili, kwa sababu sikupata neno jingine. Akakata simu.

Tangu hapo picha nimeifungua mara nyingi, kidole kikiwa kwenye alama ya kufuta. Nimeitazama mpaka nikaujua mwandiko wa mama yake fundi. Jina lake alilichonga kwa shida, herufi ya mwisho imeteleza. Mimi nimewaambia watu miaka mitatu kwamba siwafichi kasoro. Hii ni ya kwangu na ya ndugu yangu, nayo sitaificha.

Nimeleta cherehani, kifuniko chake na simu yenye picha, na tarehe ya picha inaonekana. Aliyeileta chumbani ni Kipimo, mtoto wa mama yangu mdogo. Aliyefuta jina ni mimi. Fundi hana kosa lolote.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyatenda. Sina la kuongeza wala la kupunguza. Mahakama ikiniita nitakuja. Mke wangu, niliyemwacha nyumbani, nilimwahidi kurudi mwezi wa kumi; sasa kazi sina, nitafika nyumbani tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili. Nitapita kwanza kwa mama mdogo kabla sijaenda kwangu, nimweleze mwenyewe kwa mdomo wangu. Asiponifungulia mlango, nitasema nikiwa nje.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, akayakubali. Nilimweleza kwamba simu itabaki kituoni kama kielelezo hadi kesi iishe, na kwamba biashara yake itasimama. Alisema analijua hilo. Kabla ya kuikabidhi aliomba karatasi na kalamu, akanakili anwani za wateja watatu wanaosubiri mizigo yao. Nilimruhusu. Aliandika polepole, kisha akaizima simu mwenyewe na kuiweka mezani.