Nani Aliyetikisika Kwenye Picha

3 Februari

Mpendwa baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kile kikohozi kimekwisha na sasa nalala usingizi wa kueleweka. Natumaini wewe na mama hamjambo, na goti lako limepunguza kelele.

Bahasha imefika na memori kadi iko salama. Asante kwa kutoibandika kwa gundi safari hii.

Baba, nikukumbushe kwa nini nakusumbua. Hapa karakana ya kuchapa picha tunafungua duka mwezi wa sita, na bosi amempa kila fundi nafasi moja kwenye dirisha la mbele. Picha moja tu, kubwa kunipita urefu. Wenzangu wanaweka milima na maharusi. Mimi nilisema bila kufikiri mara mbili: mama yangu kwenye cherehani yake, imepigwa na baba yangu aliyenifundisha kazi. Ndiyo maana nilikununulia hiyo kamera mpya na si kamera ya kubabaisha.

Sasa nimezifungua kwenye kompyuta kubwa. Zikiwa ndogo ni tamu, mwanga wa dirishani unamwangukia mama vizuri mpaka nikamwita mwenzangu aje aone. Nikazikuza. Baba, zimetikisika. Zote. Uso wa mama umekuwa nyuso mbili zinazogombania kichwa kimoja. Sielewi, maana mkono wako ndio niliokuwa najivunia mbele za watu.

Tafadhali weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, upige tena. Mama asibadilishe kitu, gauni lile lile la kazini.

Nisalimie mama.

Binti yako,
Chiriku

19 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Sisi tuko salama, goti linapiga kelele lakini halina hoja. Mama yako anakusalimu, anasema unakula nini huko hata sauti yako kwenye simu imekonda.

Nimesoma barua yako mara mbili nikafikiri umemwandikia mtu mwingine. Stendi? Mimi? Nimepiga maharusi nikiwa juu ya kiti cha mguu mbovu. Nimepiga watoto wanaolia, wazee wanaosinzia na mwanasiasa aliyekataa kusimama kutwa nzima, na sijawahi kuegemea chochote zaidi ya ukuta. Unabana viwiko, unatoa pumzi nusu, unabonyeza. Miguu mitatu ni ya mtu na mkongojo wake. Siku nikifika huko utaambiwa.

Huenda ni hiyo kamera. Najua utasema asiyejua kucheza husingizia uwanja, lakini mimi kwenye kioo cha nyuma naziona picha safi kabisa. Watu wa kawaida hawaendi dukani na darubini, mwanangu. Hata hivyo nimempiga tena. Kadi nyingine hii hapa.

Ng'ombe hazeeki maini.

Baba yako

8 Machi

Mpendwa baba,

Shikamoo, na pole kwa kukuudhi, maana barua yako ilifika ikiwa bado moto. Mimi ni mzima. Mwambie mama nakula.

Nimefungua kadi ya pili. Hali ni ile ile, pengine imezidi.

Sikutukani mkono wako, baba. Ngoja nikueleze nilivyoelezwa. Kamera yako ya zamani ilikuwa kama chekeche la matundu makubwa, mtetemo mdogo ulipita humo na hakuna aliyejua. Hii ya sasa ni chekeche la unga laini. Ina nukta nyingi mno, kwa hiyo hata ukimeza mate inaandika. Hapa kuna vijana wenye mikono ya chuma na bado wanatumia stendi kwa picha za ukubwa huu, wala hakuna anayewacheka. Nao wengine wanabishana, wanasema ukiongeza kasi ya shata, jicho la kamera likafumba upesi, mkono unatosha. Mimi nimekaa katikati, kila ninayemsikiliza naona ana haki.

Nina swali ambalo nimeliandika na kulifuta. Baba, unaumwa? Mikono inakutetemeka? Kama ndivyo niambie, mimi si mgeni. Picha ni kitu gani mbele ya afya yako.

Kama huumwi, basi fanya jaribio hili. Bandika gazeti ukutani kwa solotepu, ulipige kwa mkono, uniletee. Gazeti halidanganyi.

Binti yako,
Chiriku

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima. Mvua imenyesha mpaka barazani.

Gazeti hilo hapo. Nimelipiga kwa mkono mmoja, wa pili nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, ili usije ukasema tena. Likuze upendavyo. Soma hata yale maandishi madogo ya matangazo ya vifo, na jina langu usilitafute humo.

Nani anatetemeka sasa?

Baba yako

14 Aprili

Mpendwa baba,

Shikamoo. Natumaini chai ilikuwa nzuri.

Nimelisoma gazeti lako lote, mpaka jina la mtambo uliolichapa. Nimemwonyesha bosi, akatikisa kichwa akasema mzee wako ni hatari. Nikafurahi kama mtoto. Halafu nikarudi kwenye picha za mama, nikazidi kuchanganyikiwa. Mkono ule ule, kamera ile ile, lenzi ile ile. Gazeti limesimama, mama ameyeyuka.

Baba, kuna jambo pengine hulijui. Kamera hizi zina umbea. Kila picha inabeba ndani yake habari zake zote: saa, lenzi, na kasi ya shata uliyotumia. Gazeti ulilipiga kwa moja ya mia tano ya sekunde. Mama ulimpiga kwa moja ya kumi na tano, kwenye dirisha lenye mwanga wa kutosha, bila kuegemea kitu. Zote, za kadi ya kwanza na ya pili.

Hapo akili yangu ndipo ilipokwama. Ni wewe uliyenipiga kofi la kisogo pale studio yako kwa sababu ya kosa hilo hilo. "Kasi ndogo mkononi ni picha ya mzimu," ulisema, na mteja akacheka. Sasa je, ulisahau? Huwa unasahau mambo mengine pia? Jiko, funguo, majina ya watu? Nilikuwa naogopa mikono yako, sasa naogopa kichwa chako, na sijui kipi ni afadhali.

Au ni cherehani? Nimewaza usiku kucha kwamba mama akikanyaga, sakafu yote inatikisika, na wewe umesimama juu yake. Mwambie asimamishe mashine, aweke mikono juu ya kitambaa, atulie kabisa. Nimekutumia stendi mpya kwa basi, utaidai ofisi ya mizigo. Ukishaipachika kamera, zima kile kitufe cha kutuliza mtikisiko, maana juu ya stendi hakina kazi na wanasema kinaweza kuharibu.

Nijibu upesi, baba. Kweli nina wasiwasi.

Binti yako,
Chiriku

30 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili tu.

Barua yangu ilifika, na stendi ilichukuliwa, ofisi ya mizigo wameniambia. Nikipiga simu mama anasema, "Baba yako katoka." Jumapili nilikusikia unakohoa nyuma yake, baba. Kikohozi chako nakijua tangu tumboni.

Dirisha langu bado tupu. Bosi ameuliza kama aweke picha ya mlima. Nimemwambia angoje. Lakini dirisha si kitu tena. Nataka mtu mmoja aniambie kuna nini humo nyumbani.

Chiriku

6 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nisamehe kwa kikohozi na kwa kimya.

Sina ugonjwa wa mikono, na kichwa changu kinakumbuka mpaka yale ambayo ningependa kuyasahau. Kasi ile niliiweka kwa makusudi. Nilibonyeza na kuyumba kidogo, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Sikujua kwamba kamera inahesabu na kusema. Zama zetu kamera ilikuwa na adabu, ulichofanya kilibaki kati yako na filamu.

Anayetetemeka ni mama yako.

Ulianza mkono wa kulia, mwaka jana. Kwanza tukasema uchovu, halafu tukasema chai, tukaacha chai. Daktari ametupa jina refu na vidonge. Kuna siku vinafanya kazi, kuna siku vinatuangalia tu. Mshono wa moja kwa moja bado anauweza. Vifungo na sindano ya mkono anampelekea jirani, na wateja wanadhani ni yeye. Aliniapisha nisikwambie, kwa sababu ndiyo kwanza umepata ajira ya kudumu na anakujua, ungefunga begi siku hiyo hiyo.

Ukaja na ombi lako la picha. Ningekataa ungeuliza sababu. Ningempiga kwa kasi kubwa mkono ungeganda, ungeona picha nzuri ya fundi mzima, na mimi ningekuwa nimekudanganya kwa kazi ile ile niliyokufundisha. Hilo lilinishinda. Ningempiga kwa stendi, basi ungeona kila kitu. Nikaona heri vyote vitikisike pamoja, ukuta, uso, cherehani na mkono, lawama iniangukie mimi. Mzee akitetemeka si habari. Halafu ukaniuliza kidogo tu kuhusu mkono wangu, nikakimbilia gazeti! Nilipoweka bahasha posta ndipo nikajiona mjinga, maana nimejivua lawama mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumeumbuliwa na kamera, afadhali.

Barua yako ya Aprili niliificha chini ya godoro. Mama yako akaiona alipokuwa anatandika. Akaisoma yote amesimama. Alipoona kwamba unaniogopea kichwa, alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Akasema, "Mtoto anamhesabu mume wangu kichaa kwa ajili yangu?" Ni yeye aliyekwenda ofisi ya mizigo. Ni yeye aliyefungua miguu ya stendi, moja ikambana kidole, akaitukana. Akavaa gauni la kazini, akakaa, akasimamisha mashine, akaweka mikono juu ya kitambaa kama ulivyoagiza. Akaniambia, "Kasi ile ile uliyomdanganyia. Usibadilishe kitu."

Kadi hiyo hapo. Zimo mbili. Ya kwanza ni ile aliyoitaka yeye. Ya pili niliiba baadaye, kasi kubwa, mkono umesimama kama wa ujana wake, na mtu yeyote atakayepita dirishani atasema huyo fundi bado yupo kazini. Sijui ipi ni ya kweli na ipi ya heshima. Miaka yote hii nilidhani najua picha nzuri ni ipi. Nimemuuliza mama yako, akasema wewe ndiye mwenye dirisha.

Baba yako

20 Juni

Baba na mama,

Shikamooni.

Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nilipoanza nililia, na bosi hapendi maji karibu na karatasi.

Nilizichapa zote mbili, kubwa, nikazisimamisha ukutani nikakaa katikati yake sakafuni. Ile ya pili ni nzuri sana, baba. Nilitaka kuiamini. Ile ya kwanza unaweza kuhesabu nyuzi za kitambaa, unasoma namba kwenye ubavu wa cherehani, na kope za mama ziko moja moja. Ananiangalia moja kwa moja kama mtu aliyeniita ndani nimechelewa. Na pale juu ya kitambaa, mahali pa mkono wa kulia, kuna moshi.

Nimeweka hiyo. Bosi akaniambia hapo umekosea, mkono haujatulia, nikutafutie nyingine? Nikamwambia sikukosea, mama yangu ndivyo alivyo siku hizi. Akaenda kufuta kioo mwenyewe kwa nje.

Mama, nilikuwa nasikia sauti yako ikipungua kwenye simu nikadhani ni mtandao. Nimekukasirikia, na nimekasirika zaidi nilipokosa mtu wa kumwambia. Baba, na wewe pia, lakini kidogo. Sijui nitafanya nini na kazi. Msiniulize bado. Jina hilo refu la daktari mliandike kwenye karatasi, nataka kulisoma.

Nimepewa ruhusa kuanzia wiki ijayo. Baba, usije kunipokea na kamera. Iache kabatini pamoja na miguu yake. Nataka kumwona mama kwa macho yangu.

Mwanenu,
Chiriku