Mashine Iliyozoea Baridi ya Kitale

Bungoma, Alhamisi

Na bado mstari kwenye skrini unashuka chini ya sufuri! Kule Kitale ulikuwa sawa kabisa. Kompyuta yangu ya analogi haina programu, ni waya na vipuri tu, na volti ndiyo inayoonyesha kemikali imebaki kiasi gani. Kemikali ikiisha, volti inafika sufuri na kutulia. Sasa inapitiliza. Ni kemikali gani hiyo inaisha halafu inaendelea kupungua? Kesho majaji wa mashindano ya sayansi watanicheka.

Kosa ni langu. Niliirekebisha asubuhi kwenye maabara ya shule, nikiwa nimevaa sweta. Hapa Bungoma kuna joto, na vipuri vikipata joto volti inahama.

Mwalimu Wekesa, niliyekuja naye, ati nizibe nusu ya chini ya skrini kwa karatasi. "Si hawataona, bana." Nilitamani kumrushia koleo.

Dawa ni kuiacha ikiwaka mpaka asubuhi, izoee joto, ndio niirekebishe tena. Ikizimwa, nimekwisha. Nimemweleza Shangazi Halima, mwenye nyumba. Ameitikia, lakini huyu mama halali kabla ya kuzima kila swichi.

Nasikia anazima ya jikoni. Mashine iko sebuleni.

"We Rehema! Hii kitu yako imechemka, si itatuchomea nyumba?"

Nimekimbia, tumebishana, nimerudi kuchukua blanketi. Haizimwi, lakini lazima nilale kando yake. Shangazi naye amevuta kiti, anaikodolea macho kana kwamba ni mwizi. Katikati yetu ameweka ndoo ya mchanga.