Mstari wa wanja bwawani

Semeni, ile nyumba ya ufukweni kule Ushongo aliyotaka kununua shangazi Rahila, basi tena! Yaani siamini.

Tangu anaingia getini hakuliamini lile bwawa la kuogelea. Dalali anasifia vigae, yeye kachutama, kapiga mstari wa wanja pale maji yalipoishia.

Wakaenda kula, wakaswali Adhuhuri, wakarudi. Mstari umezama! Shubiri nzima! Na bomba halikufunguliwa, Semeni, HALIKUFUNGULIWA.

Dalali eti, "Baraka hiyo, mama."

Baraka! Shangazi katazama ufukweni, maji yamejaa mpaka ukutani. Kachovya kidole bwawani, kaonja. Chumvi tupu.

Akamgeukia dalali taratibu: "Mwanangu, hii bahari mmeiwekea vigae lini?"