Karatasi Inasema Baba Ametoka

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya sita tangu kimbunga. Naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ndilo pekee lililobaki kavu. Kushoto kiuno cha mwalimu, kulia shida zangu.

Maji yameondoka, tope limebaki. Chumba cha mama hakina paa. Bati moja tumelikuta kwa jirani yetu kinyozi, limekaa juu ya kiti chake cha kazi. Mama akasema limekwenda kupunguza nywele. Nimecheka mpaka nikaona haya — mtaa mzima una huzuni.

Cherehani yangu ilizama. Nimeifungua, nimeipangusa, nimeipaka mafuta, gurudumu bado linagoma. Tunalala kwenye ukumbi wa shule, mama na mimi, godoro moja. Anakohoa. Namfunika, anajifunua. Anataka kwake.

Jumanne, 5 Machi

Watu wa msaada wamefika. Meza mbili chini ya turubai, foleni mpaka barabarani. Nyumba zilizoezuliwa watazipa mabati, mbao na misumari. Mimi nilikwenda kuchota maji, nikarudi nikamkuta mama ameshajiandikisha mwenyewe! Karatasi kaikunja kifuani, hataki hata niiguse. Anasema karani ana adabu, kamwamkia vizuri, kamwuliza na kifua.

Mvua tena mchana kutwa.

Jumatano, 6 Machi

Leo kanipa nimsomee. Nimesoma mara mbili, maana macho yangu nayo siku hizi siyaamini.

Mwenye nyumba: mume. Alipo: AMETOKA. Atasaini akirudi.

Nikamwuliza, mama, ulimwambia nini yule karani? Nilimwambia mzee ametutoka, anasema. Mvua ilikuwa inapiga turubai, karani kasikia nusu. Ka-"tu" kamoja kamepotea, na baba yangu, tuliyemzika miaka mitatu iliyopita, kageuka mtu aliyetoka kidogo, atarudi.

Nikacheka sana. Nikasema baba angefurahi, maana alikuwa hapendi kusaini kitu chochote. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono, nikamrudishia karatasi yake.

Alhamisi, 7 Machi

Kinyozi kaja na habari: orodha inafungwa kesho saa sita. Asiyesaini hana mabati, na hawajui kama watarudi tena.

Nikakimbia kwa karani. Alijishika kichwa, maskini. Lakini hawezi kurekebisha kwa maneno yangu peke yake. Mke aje aseme mwenyewe, kisha mtoto athibitishe kwa maandishi.

Mama anasema kesho. Mara anasema miguu inauma. Mara mabati yenyewe huenda ni mabovu. Mwisho nikapandisha sauti, mbele za watu. Nikamwambia karatasi haizuii mvua, na kifua hicho hakitavumilia mwezi mwingine kwenye sakafu ya shule.

Akanijibu polepole. Kwamba karatasi zote zilishamfuta baba: za kazini, za hospitali, za benki. Hii ndiyo moja tu inayosema anarudi. Anajua ni makosa. Anaomba tu akae nayo siku mbili tatu.

Nilimchana nywele, nikamsuka mistari miwili, kama anavyopenda. Nampenda mama yangu na leo nimemfokea. Naumia.

Ijumaa, 8 Machi

Kaamka kabla yangu. Kaoga, kavaa gauni la kuazima, kakaa ananisubiri. Twende, anasema.

Mezani karani akaanza kujikanyaga kwa pole na samahani. Mama akamkatiza. Mwanangu, mume wangu amekufa. Amekufa mwaka wa tatu huu. Andika hivyo. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Karani alipozidi kuomba radhi, mama ndiye aliyembembeleza: si kosa lako, mvua ilikuwa na kelele. Akaitoa karatasi ya zamani, akailaza mezani, akainyoosha mikunjo kwa kiganja. Kisha akaiachia.

Basi, nikajua tumemaliza. Karani akanigeukia mimi na karatasi mpya. Niandike kwa mkono wangu: mimi fulani, mtoto wake, nathibitisha kwamba baba yangu... halafu nimalizie. Nikaandika ametutoka. Akatikisa kichwa, kwa upole kabisa. Hilo ndilo lililotuponza, dada. Andika lile ambalo hakuna atakayelisoma vingine. Akanipa karatasi nyingine.

Nikaomba nikae kwenye benchi dakika moja.

Dakika moja imekuwa nusu saa. Niko hapa benchini, karatasi ya karani juu ya goti moja, daftari juu ya jingine. Kwenye daftari kalamu inakimbia. Kule imegoma. Nimejaribu kukumbuka ni lini nililisema neno lile juu ya baba. Siku ya mazishi nilisema amepumzika. Wateja niliwaambia hatunaye. Miaka mitatu sijalisema, na jana nilimfokea mama kwa kitu hikihiki!

Saa sita kasoro dakika kumi. Karani anakusanya mafaili, anaangalia huku. Mama kakaa ubavuni mwangu, kaniwekea mkono mgongoni. Hanihimizi. Nimeshaandika jina langu. Nimeandika baba yangu. Nimeandika ame. Ametoka, ametutoka, na hili jingine — yote yanaanza sawasawa, mpaka hapo sijasema lolote bado.

Mama hajui kusoma, lakini kaona kalamu imesimama. Kaniuliza, bado herufi ngapi?

Nimemwambia nne.