Mama Iko Kijani

Jumanne, 2 Septemba

Nephtali amerudi kutoka Kinshasa na ugonjwa mpya. Unaitwa domotique. Ameuona kwa rafiki yake: nyumba inayojiwasha na kujizima yenyewe, na kila swichi ina kijitaa chake – voyant. Kijani, nyekundu, buluu. Basi na sisi hapa Makiso lazima tung'ae. Umeme wa mji unakatika ukipenda, majirani wanatafuta mishumaa, na mume wangu amejaza paa zima panneaux, mabamba ya umeme wa jua – ili kijitaa kimwambie kwamba taa kubwa imezimika!

Nilimuuliza: macho yako hayatoshi kuona kama taa inawaka? Akasema sielewi maendeleo. Kweli kabisa. Sielewi.

Jumatano, 3 Septemba

Fundi amekuja. Mwanamke – Emilie, wa Mangobo, kompyuta mgongoni. Nephtali alimsalimu, kisha akachungulia nyuma yake kuona fundi mwenyewe yuko wapi. "Ni miye, papa." Bon.

Kutwa nzima wanachagua rangi. Emilie alimweleza polepole: voyant inaweza kufuata kidole chako, au kufuata kitu chenyewe. Ikifuata kidole, inawaka kijani mara tu unapobonyeza, hata kama balbu imeungua. Ikifuata kitu, inangoja ukweli kwanza. "Unapenda gani, papa?" Nephtali akafikiri sana. "Ile yenye haichelewi."

Nilikimbilia jikoni kucheka. Mama mkwe alikuwa anatwanga majani ya pondu, akauliza kuna nini. Nikamwambia. "Huyu mutoto," akasema, "hata mu tumbo alikuwa na haraka."

Ijumaa, 5 Septemba

Leo sikucheka. Nephtali ameagiza voyant ya mama yake. Ndiyo – ya mama! Kidude cheupe kwenye dari ya chumba chake kinachohisi mtu akisogea, na kijitaa ukutani kwenye biro ya Nephtali, chumba chake cha kazi. Mama akisogea, kijani. Asiposogea kwa muda mrefu, nyekundu. "Hivi nitajua kama iko muzima," anasema, "hata nikiwa na kazi mingi."

Chumba cha mama kiko mwisho wa korido. Korido yetu si njia ndefu ya kwenda msitu wa Masako!

Mama anakaa kwetu tangu baba mkwe alipofariki kule Yanonge. Kila asubuhi anafunga kitenge chake, anakaa kitandani, anangoja mwanawe apite kumsalimu mbote. Mwanawe anapita kweli – mbio, simu sikioni.

Hata Emilie alisita. "Papa, na ikikuwa nyekundu, nani atafanya nini?"

"Haitakuwa nyekundu."

"Lakini ikikuwa?"

"Nimekuita uniwekee kijani, mama fundi. Weka."

Mama alikitazama sana kile kidude cha dari. Akauliza kama kinasikia. Hapana. Kinajua sura za watu? Hapana, Emilie akasema, kinajua tu kwamba kitu chenye joto kinatembea. "Ah bon," mama akasema. Basi.

Jumapili, 7 Septemba

Wageni baada ya misa. Liboke ya samaki ndani ya majani, bia, vicheko. Kabla ya kula Nephtali aliwapeleka biro, akawapanga mbele ya ukuta kama watoto wa shule. "Hii ni garage. Hii ni jikoni. Na hii –" akanyoosha kidole – "ni mama. Mama iko kijani!" Wakapiga makofi. Mmoja akaomba tumwite mama, amsalimie. Nephtali akakataa: tusimsumbue, anapumzika, si mnaona wenyewe iko muzuri?

Mama alikuwa amesimama koridoni, amevaa kitenge cha sikukuu. Amesikia yote. Akageuka, akarudi chumbani. Nilikuwa na sahani mikononi. Sikujua niiweke wapi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempelekea mama chai, nikafungua mlango – kuku!

Kuku mwekundu, amefungwa mguu na kitambaa kirefu kwenye kitanda. Mahindi chini, maji kwenye bakuli. Mama hayuko. Mfuko wake hauko. Nilikaa kitandani, kuku akaruka, na kule biro, najua, kijitaa kikafurahi.

Nikampigia simu mdogo wake mama, kule Lubunga, ng'ambo ya mto. Aliyepokea ni mama mwenyewe, anacheka! Jana alivuka mto na pirogue, sisi wote tukiwa kazini. Usimwambie, akasema. Siku atafungua mulango, atajua yeye mwenyewe.

Nikauliza: na asipofungua?

Kicheko kikakatika. "Bon. Ulishe kuku."

Jioni Nephtali aliingia, akatupa jicho ukutani. Mama iko muzuri, akaniambia. Nikajibu kwamba anakula vizuri sana.

Alhamisi, 11 Septemba

Kijani. Sasa anamwona hata kwenye simu. Alinipigia kutoka dukani: mama ameamka mapema leo! Ndiyo. Kuku huamka mapema.

Mchana nilitaka kumwambia. Nilishafungua mdomo. Akauliza shati lake la buluu liko wapi. Nikaufunga.

Jumatano, 17 Septemba

Kuku anataga kwenye mto wa mama. Sikuyatoa mayai, sijui kwa nini. Nephtali amemsifia Emilie mbele ya watu: tangu aweke voyant, moyo wake umetulia. Wa kwangu hapana. Mwanzo nilicheka peke yangu koridoni. Sasa nikipita pale najisikia vibaya, kama mtu anayeficha msiba.

Jumamosi, 20 Septemba

Nyekundu!

Asubuhi hii, Nephtali akiwa na mkate mkononi. "Marceline! Njoo uone!" Kuku ameanza kuatamia. Ametulia juu ya mayai kama jiwe, hasogei. Mimi nilijua. Yeye hakujua. Na uso wake – Mungu wangu, uso wa mtoto. Mkate ulianguka. Alikimbia koridoni na soksi, mimi nyuma yake na mahindi kwenye sahani, na huruma ikanishika. Nilitaka kupiga kelele: usiogope, mama ni mzima, yuko Lubunga!

Akashika kitasa.

Ndani kuku akatusikia, akanguruma, ile sauti nzito ya kuku mwenye mayai. Nephtali akatega sikio. Akaachia kitasa.

"Umesikia? Iko anakohoa. Iko muzima." Na uso wake ukarudi ule wa kila siku. Akatoa simu. "Alo, Emilie? Voyant yako iko mubaya. Inasema nyekundu, na mama iko hapa, niko namusikia!"

Nilisikia Emilie akimwambia afungue, aangalie kwa macho. "Nimeshasikia na masikio! Leta kompyuta."

Emilie yuko njiani na pikipiki. Nephtali yuko biro, amekaa mbele ya ukuta, anaungoja urekebishwe. Mimi niko jikoni, naandika. Simu yangu inalia – Lubunga. Kila asubuhi mama ananiuliza neno moja tu: amefungua? Nimwambie nini? Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa, mama, nimeuona, ulikuwa pale kabisa –