Rangi ya Milango

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Kifua kimetulia, au bado unakohoa kama trekta lililokataa kuwaka? Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunakula, tunalala na tunagombana. Mama anakusalimu sana. Goti lake la kushoto linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo wake hauna shida yoyote. Mimi ni mzima, isipokuwa mikono imechubuka yote, na sababu yake utaiona, maana barua hii ni ya sakafu tangu mwanzo hadi mwisho.

Na wewe afande, unayefungua barua za watu kabla ya wenyewe, nakusalimu pia. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usiumize macho. Nakuomba tu usome mpaka mwisho, usichoke njiani.

Kaka, barua yako ya mwezi uliopita ilifika. Ulisema umebakiza wiki tano utoke, na kwamba baada ya miaka kumi na minne huko ndani hutakuja nyumbani. Utatafuta kibarua mji wowote wasiokujua, kwa sababu huwezi kukanyaga tena sakafu uliyomuulia baba yako, wala kumtazama mama usoni. Nilimsomea mama mstari kwa mstari. Nilipofika hapo aliniambia nirudie, nikarudia. Akasema basi sakafu ipakwe rangi mpya, rangi ngumu isiyobanduka, ili ukiingia usione hata alama moja ya zamani. Nilimwambia mtu hakimbii rangi. Akaniuliza kama nina wazo bora zaidi. Nilikuwa nalo, nikalimeza, nikaenda kununua rangi.

Unamkumbuka yule muuza rangi tuliyekuwa tukimwita Mama Makopo? Bado yupo, na bado anamwita mteja aliye ng'ambo ya barabara kama anamwita mwizi. Nilidhani ataniuliza nataka rangi gani, nyekundu au kijani. Akaniambia rangi baadaye, kwanza nimweleze sakafu yetu inapata shida gani. Watu wanatembea juu yake na viatu? Kuna vitu vizito vinavyoburutwa? Maji yanamwagika? Kuna kitu cha moto kinachoangukia hapo? Kaka, nilicheka mpaka yule mama akakasirika, akaniuliza nimekuja kununua au kumchezea. Ningemwambia nini? Kwamba viti kwetu haviburutwi, vilikuwa vinarushwa? Kwamba maji yalimwagika ile siku ulipodondosha matone mawili ukitoka kuoga, na baba akakumwagia birika zima la maji ya moto miguuni ili ujue maji ni nini? Kwamba kitu kizito kilichoburutwa kilikuwa mama, kwa nywele? Nikamjibu kwamba ni nyumba ya dobi, kuna meza ya pasi na kuna pasi. Akasema hayo ndiyo aliyotaka kusikia.

Nilikuwa nimebeba kipande cha rangi ya zamani kwenye gazeti. Akakikwaruza kwa ukucha, kikaacha mstari mweupe. Akakikwaruza tena, safari hii akiguna. Kisha akaniuliza ni mjinga gani aliyepaka sakafu rangi ya milango. Nikamwambia arudie. Akarudia taratibu, kama anaongea na mtoto, kwamba hiyo ni rangi ya mafuta ya milango na madirisha. Inapendeza kwa mng'ao wake ikiwa imesimama wima mahali ambapo hakuna anayeikanyaga. Ukiipaka chini, hata ukucha wa paka unaiachia alama. Akauliza kama fundi alikuwa mlevi. Nikamwambia fundi alikuwa seremala, mbao zile alizipigilia mwenyewe moja moja, na pombe hakuwahi kuonja maisha yake yote. Kila alichotufanyia alikifanya akiwa na akili timamu.

Nilitoka dukani nikasimama barabarani nikatukana. Matusi yote niyajuayo, kwa sauti, mpaka watu wakanipisha. Rangi ya milango, kaka! Unaukumbuka ukaguzi wa Jumapili asubuhi? Baba anapiga magoti, analaza shavu sakafuni, anafumba jicho moja na kutazama mwanga wa dirisha unavyopita juu ya mbao. Akiona mkwaruzo anaweka kidole hapo na kuuliza wa nani. Kila alama ilikuwa lazima iwe na mwenyewe. Sikio lako la kushoto lilikufa kwa sababu ya kifuniko cha chupa ulichokanyaga. Kidole changu hiki kilichopinda, ninachoandikia sasa, alikibana kwenye bawaba ya mlango akaufunga, kwa sababu niliangusha mkasi. Na mama naye, ningeanzia wapi? Miaka yote ile tulijifunza kutembea kama wezi ndani ya nyumba yetu, tukajilaumu kwamba tuna miguu mibaya, kumbe hakuna binadamu ambaye angeweza kuishi juu ya rangi ile bila kuikwaruza. Kopo liliandikwa matumizi yake, na baba alijua kusoma. Kama ningeweza kumfufua siku ile ningemfufua, nimpige kwa kopo hilo hilo.

Niliporudi dukani Mama Makopo alikuwa amenionea huruma bila kujua ya nini. Alinionyesha kwanza ile ya makopo mawili, rangi na dawa yake ya kuigandisha, wanayopaka kwenye maghala. Hiyo hata ukiipiga nyundo inakucheka. Lakini akasema ni ya saruji. Mbao kuukuu zinavimba mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka, na rangi ngumu kupita kiasi hupasuka juu yake. Akanipa ya sakafu za mbao, ngumu lakini inayokubali kunyumbulika kidogo. Nilichukua kijivu. Mama alikuwa ameniagiza nyekundu ile ile ya zamani, nikamwambia nyekundu imekwisha nchi nzima. Sharti la Mama Makopo lilikuwa moja, kwamba nikwangue ya zamani yote hadi mbao zionekane, la sivyo mpya itabanduka pamoja nayo.

Nilifanya kazi hiyo mwenyewe, siku nne. Nasema nilikwangua, ila kusema kweli nilipigana. Niliishambulia ile rangi kwa kikwangulio, kwa patasi ya baba mwenyewe, kwa msasa, kwa kucha. Misumari iliyotokeza vichwa niliitwanga irudi chini, na kila mmoja niliupa maneno yake. Kulikuwa na matabaka matano, yote ya rangi ya milango. Unakumbuka kila baada ya kipigo kikubwa alikuwa anapaka upya, anapiga mluzi, halafu tunalala nje kwenye baraza mpaka ikauke? Matano. Karibu na mlango wa jikoni niliikuta damu ya Jumamosi ile. Ilikuwa imepenya kwenye mikwaruzo ikaingia ndani ya mbao, nyeusi. Nilisugua mpaka damu yangu ikaungana nayo.

Likabaki sanduku la nguo la mama, lile la chuma, ambalo tangu Jumamosi ile limekaa pale karibu na mlango bila kusogezwa hata siku ya kufagia. Mama alikuja akalikalia. Akasema nipake kulizunguka, inatosha. Nikamwambia haitoshi. Akaniambia ana goti bovu, hawezi kuinuka. Nikamwambia nitamsukuma yeye na sanduku lake. Tulitazamana, kaka, sote wawili tukijua kilichopo chini yake. Aliinuka. Chini ya sanduku kulikuwa na shimo dogo la pembe tatu kwenye mbao, kama ncha ya pasi.

Jumamosi ile unaikumbuka mpaka pale ulipotoka mlangoni. Mama alikuwa amevuta meza ya pasi kufuata mwanga, mguu wa meza ukaacha mstari mrefu kutoka dirishani mpaka mlangoni. Baba alirudi akauona. Alimshika mama nywele, akamlaza, akamsugua uso kwenye ule mstari mwanzo hadi mwisho, akimwambia aufute kwa ulimi. Nilisikia jino likivunjika. Wewe ulichukua kigoda ukampiga nacho kichwani, akaanguka akajigonga kwenye fremu ya mlango, akalala. Ulidhani umemuua. Ukakimbia kumwita jirani fundi cherehani aje na gari lake. Hapo ndipo unapoishia kujua, na yaliyobaki nitakumalizia mimi.

Baba hakuwa amekufa, kaka. Wewe hukumuua.

Mama alikuwa jikoni anatema damu kwenye beseni. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya meza. Baba alifumbua macho, akajiinua akakaa, akajishika kichwa. Kitu cha kwanza alichokitazama kilikuwa damu yake sakafuni. Akaniambia nilete kitambaa niifute upesi kabla haijaingia kwenye mbao. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Akasema akishanawa ataanza na mama, ammalize safari hii, na wewe ukirudi atakuvunja mikono yote miwili, uone kama utashika tena kigoda. Kisha akaniuliza nasubiri nini. Pasi ilikuwa mezani, bado ina joto. Niliishika kwa mikono miwili nikampiga nayo juu ya sikio. Nikapiga mara ya pili lakini alikuwa ameshaanguka, nikakosa, ncha ikazama kwenye mbao. Hakuamka tena. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na jambo la kwanza nililohisi, sikufichi, lilikuwa furaha.

Mama alitoka jikoni akaona. Aliichukua pasi mikononi mwangu, akaifuta, akairudisha mezani, akavuta sanduku juu ya lile shimo. Uliporudi na jirani kila kitu kilikuwa mahali pake. Polisi walipouliza, ulisema ni wewe uliyemuua, kabla hawajamaliza kuuliza. Mahakamani daktari alisema kuna majeraha mawili na moja lilisababishwa na kitu chenye ncha, na wewe ukasema labda ulipiga mara mbili, hasira zimekusahaulisha. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Nilisikia vizuri. Nilinyamaza.

Juzi, tukiwa tumekaa juu ya sanduku katikati ya vumbi la msasa, nilimuuliza mama kwa nini alinifunika. Alisema watu wote wangeona jeraha la kigoda, kwa hiyo mtoto mmoja alikuwa ameshakwenda, na hakuwa tayari kupeleka na wa pili. Alisema hajalala vizuri tangu siku hiyo. Usimchukie. Au mchukie kidogo, halafu uje, maana anakutaka kuliko anavyonitaka mimi, na hilo halijawahi kuwa siri.

Utajiuliza kwa nini sikukwambia uso kwa uso, na kila mwezi nakuja tunakaa pamoja nusu saa tukizungumzia kikohozi chako. Ningekwambia, ungeniziba mdomo. Nakujua. Ungesema miaka umeshaitumikia, haina maana tutumikie wawili, nirudi nyumbani nimtunze mama. Ningekubali, kwa sababu mimi ni mwoga, nimekubali kwa miaka kumi na minne. Kwa hiyo nimeiweka kwenye karatasi ambayo huwezi kuisoma kabla ya mtu mwingine kuisoma. Hii huwezi kuiziba, kaka. Nimekupiga chenga.

Afande, asante kwa kufika hadi hapa. Jina langu kamili unalo kwenye daftari la wageni, anwani ni hiyo hiyo, na sitoki kwenda popote. Pasi ipo, mama anaitumia mpaka leo. Mkija mnaweza kuingia bila wasiwasi, rangi imeshakauka.

Lile shimo sikulijaza, kaka. Mama Makopo alinipa puti ya kuzibia mashimo, nikaziba mengine yote nikaliacha hilo. Limepakwa kijivu kama kwingine, ila mwanga wa asubuhi ukipita utaliona. Ukiulizwa ni la nani, sema ni la mdogo wako.

Njoo nyumbani. Hapa hukumuulia mtu. Pengine hutanikuta, lakini mama atakuwepo, na nimeshamwambia asikwambie uvue viatu. Ingia navyo, hata vikiwa na matope. Buruta kiti kutoka dirishani mpaka mlangoni, ukae, umsalimie mama yako. Mimi nimeburuta meza ya pasi mara tatu na haikuacha alama.

Salamu kwa wote mnaolala nao chumba kimoja, hasa yule mzee wa kukoroma. Kunywa maji ya moto kwa ajili ya kifua. Mama anasema uje na soksi zako zote, hata zilizotoboka, atazishona.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Pilipili